Bonde la Mto Voi, Njia za Baiskeli za

Ni barabara za Kaunti ya Taita Taveta, nchini Kenya, zishukazo kutoka milima ya Taita, yaliko makazi ya Mghange na mji wa Wundanyi, hadi nyika ya Voi. Mto wenyewe huchimbuka milimani humo, hupita Voi, kisha huingia Mbuga ya Tsavo Mashariki, ambako bwawa la Aruba lilijengwa mwaka 1952.

Njia iliyo mashuhuri huanza Wundanyi, hushuka kwa kona kali hadi Mwatate, mji upitiwao pia na reli ya Taveta iliyoanzwa kujengwa mwaka 1915, kisha hufuata barabara kuu hadi Voi. Kwa kuwa kilele cha Vuria katika milima hiyo ya Taita kina kimo cha mita 2,208, hali Voi iko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, mpanda baiskeli ashukaye hana budi kuzikagua breki zake kabla ya safari, na akweaye yampasa subira na gia nyepesi.

Milimani hutamalaki mboga, migomba na mahindi; Mwatate, mkonge; na Voi, vichaka vikavu. Njia za udongo huharibika wakati wa masika, baina ya Machi na Mei, na tena wakati wa vuli. Nyikani ndovu huvuka barabara, kwa hiyo safari yafaa ifanywe mchana na kwa hadhari. Aidha wenyeji, ambao kwao baiskeli ni chombo cha maisha, cha kubebea maji na mazao ya sokoni, ndio wastahiki wa kwanza wa barabara iliyo salama.