Mwimo, Mfaa na Kizingiti: Khabari za Ufundi wa Mbao wa Pwani

Kwa miaka mingi sasa nimekuwa mchongaji wa jioni. Yaani mtu ambaye mchana hujitafutia riziki kwa kazi ya kalamu, na jua likishapunguza ukali wake huketi barazani na patasi zake tatu na kipande cha ubao, bila ya tamaa ya kuuza wala ya kusifiwa, ila kwa raha ya kuona ua likichomoza pale palipokuwa patupu. Watu wa namna yangu ni wengi pwani kuliko wanavyodhaniwa, na kila mwaka yanapofunguliwa maonyesho ya kilimo ya Mombasa katika uwanja wa Mkomani, wenzetu wakienda kutazama ng'ombe wa maziwa na matrekta, sisi huelekea moja kwa moja kwenye vibanda vya maseremala na wachongaji, tukasimama humo mpaka miguu ikafa ganzi.

Katika safari yangu moja nalimkuta mzee wa Lamu ameketi juu ya mkeka, mwimo wa mbambakofi umelazwa mbele yake juu ya vigogo viwili, naye anachonga mkufu wa nakshi usiokatika tangu mwanzo wa ubao hata mwisho. Hakuchora kitu ila mistari miwili ya kuongoza mkono. Patasi iliingia mshazari kutoka kushoto, ikatoka, ikaingia tena kutoka kulia, na kibanzi chembamba kama ukucha kikaruka na kuacha nyuma yake pembe tatu safi isiyohitaji kurudiwa.

"Shikamoo, babu," nalimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae, lakini usinizibie mwanga."

Nilipomwonyesha kazi yangu, aliipitishia kidole mara mbili kabla ya kunena. "Wewe wapigana na mti," alisema. "Mti una ulalo wake kama nywele za mtoto, ukizichana kinyume, hulia." Kisha akatoa katika mkoba wake majani makavu ya kijani kilichofifia, akanipa moja nilishike, nami nikahisi ukali wake kama ulimi wa paka. Lilikuwa ni jani la msasa, mti ambao mafundi wa zamani waliyatumia majani yake kulainishia mbao. Na karatasi yenye mchanga tuinunuayo leo dukani imerithi jina la mti huo, ijapokuwa wengi waitumiao hawajapata kuuona.

Jani lile ndilo lililonitia hamu ya kufuatia asili ya ufundi huu, na kwa yakini khabari zake ni za zamani sana. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mambo ya pwani yetu mwanzoni mwa karne ya 16, alipozisifu nyumba za mawe za Kilwa hakuacha kutaja milango yake ya mbao iliyochongwa na kuungwa kwa ustadi. Na kumbuka kwamba Kilwa hiyo ilikuwa imekwisha tekwa na kuporwa na jeshi la Francisco de Almeida mwaka 1505, pamoja na Mombasa iliyotiwa moto mwaka huo huo. Kwa hiyo wale wapendao kusema kwamba nakshi ni zawadi tuliyoletewa na mabwana wa karne ya 19 hawana hoja: mafundi walikuwapo, na kazi yao ilimstaajabisha mgeni, takriban miaka 300 kabla ya Seyyid Said, Sultani wa Omani, kuhamishia makao yake Unguja.

Mlango wa Kiswahili una mpango wake, na majina ya viungo vyake yafaa yahifadhiwe kama yahifadhiwavyo majina ya jamaa. Pande mbili husimama miimo. Juu na chini hulala vizingiti. Katikati, pale mabao mawili yanapokutana, hushuka mfaa, ambao hupigiliwa kwenye bao moja ili uzibe ufa na kupokea nakshi nzuri kuliko zote. Milango ya kale haikuwa na bawaba za chuma. Kila bao liliachiwa ncha juu na chini, ncha hizo zikazunguka ndani ya matundu yaliyotobolewa katika vizingiti. Aghalabu fremu ndiyo iliyosimamishwa kwanza, kisha ukuta wa mawe na chokaa ukainuliwa kuizunguka, hata ingeweza kusemwa kwamba nyumba ilijengwa kwa ajili ya mlango wake.

Unguja, katika zama za Seyyid Barghash aliyetawala tangu 1870 hata 1888, ufundi huu ulipata fahari mpya. Utajiri wa karafuu na pembe uliwaleta mafundi kutoka Kutch na Gujarat, nao wakaja na maua yaliyojikunja, na vizingiti vya juu vilivyopinda mfano wa nusu mwezi, na misumari mikubwa ya shaba ambayo kwao Bara Hindi yasemekana ilikuwa kinga ya kuwazuia ndovu wa vita. Pwani hapakuwa na ndovu wa kuvunja milango, lakini shaba iling'aa vizuri, ikabaki. Katika Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883, milango ilipambwa kwa maandishi ya Kurani yaliyotiwa dhahabu. Mimi binafsi, nikiruhusiwa kutoa rai yangu, napenda zaidi kizingiti cha kale kilichonyooka, chenye mkufu pembeni na yungiyungi katikati, kwa sababu jicho hupumzika juu yake. Ila siwezi kukana kwamba aliyechonga yale majani ya Kihindi alikuwa bingwa, na kwamba mafundi wa Unguja waliokaa karibu naye waliinuka na ilimu ambayo hawakuwa nayo walipoketi.

Hivyo ndivyo ufundi huu ulivyotembea siku zote: mtu huketi mbele ya mgeni, akatazama mikono yake. Ushahidi mkubwa kuliko wote nalioupata haukuwa katika milango, bali katika kibanda cha pili pale Mkomani, kibanda cha Wakamba wenye twiga na viboko vyao. Watu wengi hudhani uchongaji huo wa sanamu ni urithi wa Ukambani tangu dahari. Sivyo. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, Waafrika kwa maelfu walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, katika kikosi kile cha Carrier Corps ambacho jina lake limebaki Dar es Salaam katika mtaa wa Kariakoo. Na mmoja wao, Mutisya Munge wa Wamunyu, akiwa Tanganyika alijifunza uchongaji kwa Wazaramo, mafundi wa sanamu za mwana hiti na nguzo za makaburi. Vita vilipokwisha alirudi kwao na ilimu hiyo, akachonga, akafundisha, na kutoka mikono ya mtu huyo mmoja ikazaliwa kazi iliyolisha maelfu ya nyumba. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba waliunda ushirika wao Changamwe, hapa Mombasa, na hata leo ukipita hapo utawaona wameketi safu kwa safu, tezo zikipanda na kushuka.

Walakini ufundi uliopata walimu ulianza kukosa miti. Mpingo, wenye ngozi ya manjano na moyo mweusi mzito uzamao majini, huchukua umri wa mwanadamu mzima kabla haujafaa kuchongwa. Muhugu, wenye harufu ya kupendeza, nao hukua polepole, na misitu yake ya pwani ilikatwa kwa kasi isiyolingana na ukuaji huo. Wachongaji wenyewe, nami nakiri kwamba nimenunua vipande vya muhugu bila kuuliza vimetoka wapi, tulikuwa sehemu ya hasara hiyo. Katika miaka ya 1990 ndipo jitihada zilipofanywa kuwageuza mafundi watumie mwarubaini, mti ulioletwa kutoka Bara Hindi ukaenea pwani nzima, unaokua upesi na unaoota hata penye mchanga mkavu. Wengine waliudharau. Yule mzee wa Lamu hakuudharau. Nilipomwuliza, alinionyesha kisanduku kidogo cha mwarubaini alichokinakshi kwa mkufu ule ule wa mwimo, na kwa umbali wa hatua tatu sikuweza kuona upungufu wowote.

Basi, msomaji, ukijaaliwa kwenda Mkomani, au ukipita Changamwe, au ukisimama mbele ya duka la vinyago popote pwani, kabla hujauliza bei, muulize fundi jina la mti alioutumia na pahali ulipokatwa. Na akikujibu kuwa ni mwarubaini, mnunulie.