Mutia Omoolu: Mwigizaji Mkenya Ambaye Hollywood Haikumpa Kazi ya Pili

Mei 1929, kundi la Wamarekani liliteremka katika bandari ya Mombasa likiwa na kamera, mitambo na masanduku yasiyohesabika. Walikuwa watu wa Metro-Goldwyn-Mayer, kampuni kubwa ya sinema ya Culver City, California, wakiongozwa na W. S. Van Dyke, mwelekezi ambaye mwaka mmoja tu uliotangulia alikuwa amesifiwa kwa filamu aliyoipigia katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Safari hii alitumwa kutengeneza Trader Horn. Kitabu chenyewe, kilichotoka mwaka 1927, kilisimulia maisha ya mfanyabiashara mzungu katika pwani ya Afrika Magharibi. Hilo halikuisumbua Hollywood: machoni pake Afrika ilikuwa moja, na Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo zingetosha kuwa popote palipohitajika.

Waigizaji wakuu walitoka Marekani: Harry Carey katika nafasi ya Horn, kijana Duncan Renaldo kama mwenzake wa safari, na Edwina Booth, msichana wa Utah, kama mzungu aliyelelewa porini hadi akaabudiwa kama mungu. Lakini hadithi ilikuwa na mtu wa nne, Rencharo, mbeba bunduki wa Horn. Nafasi hiyo ilimwendea Mwafrika wa huku huku, Mutia Omoolu.

Jina la Mutia bado linaitwa kila siku Machakos na Kitui. Katika orodha ya waigizaji wa Trader Horn limewekwa mara tu baada ya majina ya wazungu hao watatu, na kwa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Waafrika walioonekana katika filamu za wageni kwa kawaida walikuwa umati tu: wapiga ngoma, wapagazi, wapiga kelele. Rencharo ana jina na ana kazi, na kamera inamkaribia usoni. Anatembea kando ya Horn filamu karibu nzima na kukabili hatari zote anazozikabili bwana wake.

Kisha anakufa. Waliokulia katika vibanda vya video vya Migori, Rongo au Ogwedhi wanaijua kanuni hii bila kufundishwa: steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Anayekufa ni rafiki wa steringi, ili mkubwa apate kuhuzunika kidogo na hadithi iendelee. Rencharo ni mmoja wa mababu wa wahusika wote wa aina hiyo.

Upigaji wa picha ulikuwa mgumu. Msafara ulipita nyika na misitu kwa miezi mingi, ukafika hadi maporomoko ya Murchison nchini Uganda. Mpiga picha mkuu, Clyde De Vinna, alikuwa pia fundi wa redio za mawasiliano, na ustadi huo ulisaidia kupeleka habari Marekani. Booth aliugua maradhi ya kitropiki yaliyomlaza kwa miaka. Baadaye aliishtaki kampuni hiyo akidai zaidi ya dola milioni 1, na kesi ikamalizwa kwa mapatano nje ya mahakama.

Tatizo jingine lilikuwa sauti. Sinema ya kimya ilikuwa inakufa wakati huo huo Van Dyke akiwa porini, na watazamaji wa Marekani sasa walitaka kuwasikia waigizaji wakizungumza. Mitambo ya kurekodia ilipelekwa Afrika, lakini walichorudi nacho mwishoni mwa 1929 hakikutosha kuwa filamu kamili. Ilibidi sehemu kadhaa zirudiwe Culver City. Miti ya msituni ingeweza kupandwa studioni. Uso wa Rencharo haukuwa na mbadala, kwa kuwa tayari ulikuwa umejaa katika picha zote za Afrika.

Ndiyo sababu Mutia Omoolu alipandishwa meli kwenda Marekani, pamoja na mwigizaji mwenzake Riano Tindama. Wakawa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kutoka upande huu wa bara kuigiza ndani ya studio za Hollywood. Magazeti ya huko yaliwafanya vioja na kupenda kuwaeleza kama watu waliotolewa gizani. Hata hivyo kazi waliyoitiwa ilikuwa ngumu: kuigiza upya, mbele ya taa za umeme, tukio lililoanzia juani maelfu ya kilomita kutoka hapo, na kuliunganisha bila mshono kuonekana.

Trader Horn ilitoka mwaka 1931 na kujaza kumbi. Iliteuliwa kuwania tuzo ya filamu bora katika Oscar za mwaka huo, ingawa ushindi ulikwenda kwa Cimarron. Wakati huo Oscar haikuwa na tuzo ya mwigizaji msaidizi. Tuzo hiyo ilianza na filamu za mwaka 1936.

Kutoka hapo, njia za Carey na Omoolu zinaachana, na ndipo inapoonekana wazi kazi ya mwigizaji msaidizi inajengwa na nini.

Carey alizaliwa New York mwaka 1878, akasomea sheria, kisha akavutwa na jukwaa. Mwaka 1912 alikuwa na nafasi ndogo katika The Musketeers of Pig Alley ya D. W. Griffith. Kuanzia 1917 aliongozwa na kijana John Ford katika filamu nyingi za makauboi, akawa staa. Kufikia 1928 nyota yake ilikuwa inafifia, na shamba lake la California lilipigwa na mafuriko ya bwawa la St. Francis lililopasuka mwaka huo. Trader Horn ilimwokoa. Baada yake hakuwa tena steringi wa kwanza, bali mzee wa pembeni anayeaminika: hakimu, baba, askari mkongwe. Mwaka 1939 alicheza rais wa Seneti katika Mr. Smith Goes to Washington, akizungumza machache na kutabasamu kwa siri, na nafasi hiyo ikamletea uteuzi wa Oscar wa mwigizaji msaidizi. Alifanya kazi mpaka karibu na kifo chake mwaka 1947. Mwaka 1956, mwishoni mwa The Searchers ya Ford, John Wayne anasimama mlangoni akiwa ameshika kiwiko chake. Ni mkao wa Carey, aliouiga kwa heshima.

Omoolu hakuwa na kazi ya pili. Sababu haikuwa uwezo. Nafasi za Waafrika zilikuwepo tele, ila studio zilikuwa na Wamarekani weusi wa kuzijaza, watu waliokuwa wakiishi Los Angeles na kujulikana na mawakala. Noble Johnson, mwigizaji mzoefu aliyekuwa pia mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya filamu ya weusi, Lincoln, mwaka 1916, ndiye aliyepewa nafasi ya chifu wa kisiwa katika King Kong ya 1933. Hata yeye, pamoja na ustadi wake wote, aliishi kwa kuruka kutoka kabila moja la kubuni hadi jingine.

Kilichoendelea kufanya kazi ni picha zenyewe. Van Dyke alikuwa amerudi na filamu nyingi kuliko alizozihitaji, na mwaka 1932 sehemu ya masalio hayo iliingizwa katika Tarzan the Ape Man, iliyomleta Johnny Weissmuller. Wanyama na mandhari ya Afrika Mashariki vikawa nyumba ya Tarzan, aliyeigizwa California. Katika hadithi hiyo mbebaji wa msafara anaitwa Riano, na genge la milima linaloficha makazi ya Tarzan linaitwa Mutia. Genge hilo likatajwa tena katika filamu zilizofuata. Mtu hakurudi, jina likageuzwa mlima usiokuwepo kwenye ramani yoyote.

London nayo ilikuwa na njia yake. Mwaka 1935, katika Sanders of the River ya ndugu wawili Alexander na Zoltan Korda, Paul Robeson alikuwa mbele na nyuma yake walijazwa Waafrika waliokuwa wakiishi Uingereza. Mmoja wao, katika nafasi ndogo ya chifu, alikuwa mwanafunzi aliyehitaji pesa za kujikimu: Johnstone Kenyatta. Kwake filamu ilikuwa kibarua tu. Kazi yake ya pili, ya tatu na ya nne zilikuwa kwingine.

MGM walirudi Afrika Mashariki baada ya vita kupiga King Solomon's Mines, iliyotoka 1950. Safari hii orodha ya waigizaji ilitaja majina na makabila: Khiva aliigizwa na Kimursi, Mkipsigis, na Umbopa na Siriaque, Mtutsi. Filamu ilishinda Oscar za upigaji picha na uhariri. Kimursi na Siriaque, kama Omoolu, walitumiwa vizuri mara moja, kisha Hollywood ikaondoka na mizigo yake.

Mabadiliko yalikuja polepole, na sehemu yake ilitoka Nyanza. Joseph Olita, mzaliwa wa Siaya, alicheza Idi Amin katika Rise and Fall of Idi Amin ya mwaka 1981, iliyoelekezwa na Sharad Patel. Miaka 10 baadaye, Mira Nair alipotaka Amin kwa ajili ya Mississippi Masala, alimwita Olita. Mwelekezi mwingine, kampuni nyingine, nchi nyingine, lakini sura ile ile ikatafutwa kwa sababu ya kazi iliyokwisha kuonekana.

Mwaka 2001 Sidede Onyulo akapata Owuor, mpishi Mjaluo katika Nirgendwo in Afrika ya Mjerumani Caroline Link. Kwa kazi anayofanya, Owuor angeweza kuwa Rencharo mwingine: mtumishi wa familia ya wazungu, Wayahudi waliokimbia Wanazi. Lakini hafi ili wengine waonekane. Ana familia yake, ana utani wake, anamfundisha mtoto wa wageni nchi na lugha yake, na siku anayoamua kuondoka anaondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Machi 2003 filamu hiyo ilitwaa Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni.