Neno la Kigiriki Lililozama Tanganyika

Mwaka 1903 Mwingereza J.E.S. Moore alichapisha kitabu, The Tanganyika Problem, akitaka kutegua kitendawili kilichowasumbua wanazuoni wa Ulaya: imekuwaje ziwa Tanganyika, lililo katikati ya bara, liwe na viumbe wenye sura ya bahari? Moore alikuwa amefika ziwani mara mbili, na safari yake ya pili, ya 1899 na 1900, ilimpitisha kaskazini hadi Kivu na Ruwenzori. Alikusanya konokono wenye makombe mazito, mengine yenye miiba, yasiyofanana na ya maziwa mengine ya Afrika. Alijua pia habari za kiumbe laini chenye umbo la mwavuli, ambacho Mjerumani Richard Böhm alikiona 1883 na ambacho jamaa zake wengi huishi baharini. Wataalamu walikiita Limnocnida, kwa Kigiriki limne, ziwa, na knide, mmea unaowasha mithili ya upupu. Kwa kundi zima la viumbe hao Moore alibuni neno la Kiingereza lenye mizizi ya Kigiriki ambalo kwetu tungeliandika halolimniki, yaani wa maji ya chumvi na wa ziwa kwa pamoja. Leo hata wanabiolojia wachache tu wanalijua. Linafaa kukumbukwa kwa sababu moja: linaonyesha kwamba neno la kitaalamu ni dai lililofupishwa, na kwamba Kigiriki hakiliongezei dai hilo ushahidi hata chembe.

Dai lenyewe lilikuwa kubwa. Moore alilinganisha makombe ya Tanganyika na visukuku vya Ulaya vya enzi ya Jurasiki, akahitimisha kwamba ziwa ni mabaki ya bahari ya kale na kwamba konokono hao ni masalia yake. Mtu aliyesoma neno halolimniki alikuwa amekwisha kumeza hitimisho hilo kabla hajaonyeshwa ushahidi. Lakini ushahidi ulikwenda kinyume. Msafara wa W.A. Cunnington wa 1904 na 1905 haukupata sababu ya kuamini bahari hiyo, na mwaka 1920 Cunnington alieleza upekee wa viumbe hao kwa muda mrefu ambao ziwa limekaa limejitenga. Baadaye wanajiolojia walikadiria umri wa ziwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12, ilhali enzi ya Jurasiki ilikwisha miaka milioni 145 hivi iliyopita. Makombe mazito nayo yakapata maelezo ya humuhumu ziwani: kaa wa Tanganyika wana magando makubwa ya kuvunjia, na konokono wenye makombe magumu ndio walioponyoka na kuzaa. Sura ya bahari ilitengenezwa na adui jirani.

Mtu anaweza kudhani kwamba Moore alikuwa fundi mbaya wa maneno, au kwamba Kigiriki chake kilikuwa na kasoro. Sivyo. Mwaka 1905, akishirikiana na J.B. Farmer, alichukua neno lingine la Kigiriki lenye maana ya kupungua, akaliita tendo ambalo kwalo seli za uzazi hupunguza kromosomu zake kwa nusu. Ndilo meiosisi, lililomo leo katika kila kitabu cha biolojia cha sekondari, mjini Uvira kando ya ziwa na kwingineko. Mwandishi ni yule yule, lugha ni ile ile, na miaka kati ya maneno hayo ni michache. Kilichotofautiana ni kilichokuwa nyuma ya kila neno. Meiosisi lilitaja tendo ambalo yeyote mwenye hadubini angeweza kulitazama upya. Halolimniki lilitaja historia ambayo ziwa halikuwa nayo.

Atakayemtetea Moore atasema kwamba hakukosea kabisa, na ataelekeza kidole kwenye ndagala, samaki wadogo wa Tanganyika. Mmoja wa samaki hao anaitwa Limnothrissa, jina lililounganisha ziwa na thrissa, samaki ambaye Wagiriki walimjua baharini. Na kweli ndagala ni wa ukoo ambao wengi wake ni wa baharini. Hoja hii ina uzito, lakini haimwokoi. Uchunguzi wa vinasaba unaonyesha kwamba jamaa zao wa karibu ni samaki wa mito ya Afrika Magharibi, na kwamba mababu zao walitoka baharini kabla Tanganyika haijakuwapo. Samaki walihama, bahari haikuja.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine. Kwa nini tuhangaike na Kigiriki kilicholetwa na wageni, ilhali wavuvi wana majina yao ya samaki: ndagala, mukeke na kuhe? Majina haya yamedumu kuliko baadhi ya yale ya maabara: mukeke, ambaye mtaalamu wa samaki Boulenger alimwita Luciolates mwaka 1914, baadaye alihamishiwa Lates, jina linalotokana na latos, samaki wa Nile aliyeheshimiwa katika mji wa Esna, ambao Wagiriki waliuita Latopolis. Hata hivyo ndagala ni jina la wavu na soko, nalo hufunika aina mbili, Limnothrissa na Stolothrissa. Samaki hao walipopelekwa ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, Limnothrissa ndiye aliyeshika makao, na ndiye sambaza wa leo. Anayetaka kujua kwa nini mmoja alistawi na mwingine hakustawi anahitaji majina mawili. Ndiyo maana kituo cha utafiti wa ziwa cha Uvira, kilichoanza chini ya taasisi ya IRSAC iliyoundwa 1947 na leo kinajulikana kama CRH, hakiwezi kuyaacha majina hayo.

Lakini faida hiyo haiwapi wataalamu haki ya kuaminiwa kabla ya kupimwa. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira Aprili 1858 wakitafuta mto unaotoka ziwani, wana wa mtawala Maruta waliwaambia kwamba mto Ruzizi huingia ziwani. Mwaka 1864 Burton bado aliandika kwamba Tanganyika inalisha Nile. Livingstone na Stanley walikwenda kwenye mdomo wa mto Novemba 1871, wakakuta maji yakiingia kama wenyeji walivyosema. Kauli ya wana wa Maruta haikuwa na Kigiriki, nayo ilithibitika kwa njia ile ile iliyoliangusha neno la Moore: mtu aliweza kwenda kutazama.

Kwa hiyo neno zito la kitaalamu likitujia, maswali ni mawili: linadai nini, na ni kitu gani kikionekana kitalikanusha? Neno lisilo na jibu la swali la pili linaweza kuishi milele bila kufundisha kitu. Halolimniki lilikuwa na jibu, ndiyo maana liliweza kushindwa, na kushindwa kwake kulitufunza mengi juu ya ziwa letu kuliko sifa zote zilizoandikwa kulihusu.