Siri ya Fundi na Kalamu ya Mfasiri: Vitabu vya Upasuaji vya Kifaransa Vilivyoingia Uingereza

Mwaka 1634 kilichapishwa London kitabu kinene kilichokusanya kazi za Ambroise Paré, mpasuaji aliyewatumikia wafalme wanne wa Ufaransa. Mfasiri wake, Thomas Johnson, alikuwa muuza dawa. Ukurasa wa anwani unatamka wazi kwamba kazi hiyo imefasiriwa kutoka Kilatini na kulinganishwa na Kifaransa. Tamko hilo linapaswa kumshtua msomaji, kwa maana Paré hakujua Kilatini. Alianza maisha akiwa kinyozi, akajifunza kazi katika wodi za hospitali ya Hôtel-Dieu mjini Paris na katika kambi za jeshi, na kila alichoandika alikiandika kwa Kifaransa cha watu wa kazi. Mwaka 1582 mwanafunzi wake, Jacques Guillemeau, alitoa kazi hizo kwa Kilatini. Miaka 52 baadaye Waingereza wakampokea fundi huyo kupitia lugha ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuisoma.

Wanahistoria wa tiba wamezoea kuisimulia enzi hii kama enzi ya ukombozi. Kilatini, lugha ya madaktari wa vyuo vikuu, kilipoteza enzi yake. Vitabu vikaandikwa kwa lugha za watu, vikavuka mipaka kwa tafsiri, na maarifa yakawa ya wote. Simulizi hiyo ina ukweli, lakini inamsahau mtu mmoja. Inamchukulia mfasiri kuwa mfereji ambao maji hupita ndani yake bila kubadilika. Ninachodai hapa ni kwamba mfasiri alikuwa bawabu. Yeye ndiye aliyeamua maarifa yaingie kwa njia ipi, yapi yabaki nje, na lini. Na kwa kuwa wafasiri wengi wa vitabu hivi walikuwa wenyewe wanaishi kwa kazi ya tiba, uamuzi wao ulipimwa kwa mizani ya riziki pia.

Tuanze na jina la kazi yenyewe. Neno ambalo Wafaransa na Waingereza walilitumia kumwita mpasuaji lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni kazi ya mkono. Kiswahili kimechagua kutaja kitendo cha kupasua, kwa hiyo wazo la mkono halisikiki katika neno letu. Kwa watu wa karne ya 16 mkono ndio uliokuwa kiini cha mambo. Daktari alisoma, akafikiri, akaagiza, mpasuaji alishika. Ndiyo maana aliwekwa chama kimoja na kinyozi, na mjini London vyama vya kazi hizo mbili viliunganishwa kwa sheria mwaka 1540. Maarifa ya mkono hurithishwa karakanani, bwana kwa mwanagenzi, na kila karakana ina siri zake.

Paré mwenyewe alikutana na siri ya namna hiyo katika vita vyake vya kwanza, karibu na Torino, kati ya 1536 na 1537. Kisa cha usiku wake mmoja huko kinajulikana sana. Mwitalia Giovanni da Vigo alikuwa ameandika kwamba jeraha la risasi lina sumu ya baruti, hivyo lichomwe kwa mafuta yanayochemka. Paré alifuata maagizo hayo hadi mafuta yakamwishia. Majeruhi waliobaki akawapaka mchanganyiko wa kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini. Hakupata usingizi, akihofia kuwakuta wamekufa. Asubuhi waliopakwa dawa ile ya upole walikuwa wametulia, na waliochomwa walikuwa na homa, maumivu na uvimbe.

Sehemu ya kisa hicho isiyotajwa mara nyingi ndiyo inayonihusu zaidi. Mjini Torino palikuwa na mpasuaji aliyesifika kwa dawa yake ya majeraha ya risasi, na hakumwambia mtu ilivyotengenezwa. Paré alimbembeleza kwa miaka miwili, akimpa zawadi, mpaka akaambiwa: watoto wa mbwa wachemshwe katika mafuta ya yungiyungi, pamoja na nyungunyungu na tapentaini. Sisi leo hatuna haja na dawa hiyo. Kinachostahili kutazamwa ni alichofanya Paré baada ya kuipata. Alipotoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1545, kuhusu majeraha ya bunduki, aliitoa siri ile kwa yeyote awezaye kusoma Kifaransa. Kitu alichokihangaikia miaka miwili alikigawa bure. Hapo ndipo ninapoiona heshima ya Paré, kuliko hata katika ugunduzi wenyewe.

Basi tuangalie maarifa hayo yalivyosafiri. Vigo, mwenye nadharia ya sumu, alipatikana kwa Kiingereza mwaka 1543 kwa kazi ya Bartholomew Traheron. Kitabu cha Paré kuhusu majeraha hayo hayo kilisubiri hadi 1617, kilipofasiriwa na Walter Hamond, mpasuaji ambaye baadaye alifika Madagaska na mwaka 1640 akachapisha kijitabu cha kuwasifu watu wa kisiwa hicho. Tafsiri ya kosa ilitangulia tafsiri ya sahihisho kwa miaka 74. Sisemi kwamba Waingereza walichoma majeraha muda wote huo kwa kutojua. Thomas Gale, mpasuaji wa jeshi, aliipinga nadharia ya sumu kwa Kiingereza mwaka 1563, naye aliyaona majeraha kwa macho yake. Lakini pengo hilo linatukumbusha kwamba tafsiri hueneza kosa kwa juhudi ile ile inayoenezea tiba. Vigo alikuja na hadhi ya mpasuaji wa Papa. Paré alikuwa kinyozi kijana asiye na jina.

Hadhi ndiyo inayoeleza pia ile njia ya kupitia Kilatini. Paré alipochapisha kazi zake zote mwaka 1575, Kitivo cha Tiba cha Paris kilijaribu kukizuia kitabu, Étienne Gourmelen akiwa mstari wa mbele. Malalamiko yalikuwa kwamba fundi ameingilia mambo ya madaktari, kama vile homa, na kwamba ameandika kwa lugha ya kila mtu mambo ambayo hayafai kusomwa na kila mtu. Jibu la Paré lilitoka mwaka 1585, nalo ni masimulizi ya safari zake za kivita. Anamuuliza mpinzani wake msomi ni majeraha mangapi amewahi kuyafunga. Miongoni mwa mambo anayoyatetea ni kufunga mishipa ya damu kwa uzi baada ya kukata kiungo, badala ya kuichoma kwa chuma cha moto, njia aliyoitumia mwaka 1552 wakati wa kuzingirwa kwa Damvillers.

Toleo la Kilatini lilimpa Paré vazi la kuingilia katika maktaba za wasomi wa Ulaya. Johnson alilipokea vazi hilo, na sidhani alifanya hivyo kwa uvivu. Alikuwa mtu wa kutazama vitu kwa makini. Mwaka 1633, alipokuwa akitoa upya kitabu kikubwa cha mimea cha John Gerard, alitundika mkungu wa ndizi dukani kwake, akautazama ukiiva, akauchora. Alijua kwamba kwa msomaji wa London andiko la Kilatini lilikuwa na dhamana ambayo Kifaransa cha kinyozi hakikuwa nayo. Hata hivyo, utetezi wa 1585 haukupita njia hiyo. Johnson anaeleza kwamba sehemu hiyo ilifasiriwa moja kwa moja kutoka Kifaransa na mpasuaji George Baker. Matokeo yake, ndani ya jalada moja mna Paré wawili. Mmoja amepigwa pasi na Kilatini, anafundisha kwa utaratibu wa darasa. Mwingine anafoka, anakumbuka baridi ya kambini na majina ya waliomfia mikononi. Anayetaka kujua tafsiri inaweza kumfanya nini mwandishi, asome sura moja ya kila mmoja wao mfululizo. Kitabu kilirudiwa mwaka 1649, 1665 na 1678. Johnson hakuona hata toleo la pili. Alikufa mwaka 1644 kwa jeraha alilolipata katika vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Bawabu huonekana wazi zaidi katika vitabu vya uzazi. Kitabu cha Guillemeau kuhusu kuzalisha kilitoka London mwaka 1612, na dibaji yake inaomba radhi kwa wanawake kwa kuyaanika mambo yao. Miaka 60 baadaye ilikuja kazi yenye uzito zaidi. François Mauriceau wa Paris alikuwa ametoa mwaka 1668 kitabu kuhusu maradhi ya wajawazito na wazazi, na mwaka 1672 Hugh Chamberlen akakileta kwa Kiingereza.

Ukoo wa Chamberlen ulitoka Ufaransa ukikimbia mateso ya kidini mwaka 1569. Kwa vizazi kadhaa ulikuwa na koleo ya kumvutia mtoto aliyekwama, na haukumwonyesha mtu. Mwaka 1670 Hugh alikwenda Paris kuiuza siri hiyo. Mauriceau alimpa mtihani: mwanamke mwenye nyonga nyembamba mno, ambaye yeye mwenyewe alishindwa kumzalisha. Chamberlen alijifungia naye kwa zaidi ya saa tatu, akashindwa. Mwanamke yule alifariki, na kitabu kinachotunza habari zake hakikutunza jina lake. Chamberlen akarudi London na kitabu cha Mauriceau.

Dibaji aliyoiandika ni ushahidi ambao hoja yangu inauegemea kuliko wowote mwingine. Anasema ameondoa sehemu ya anatomia iliyotangulia kwa sababu vitabu vya namna hiyo vipo tayari kwa Kiingereza. Anasema ameondoa pia vifungu ambavyo vingeudhi macho ya msomaji mwenye staha. Kisha anakiri kwamba familia yake ina njia ya kumtoa mtoto ambayo Mauriceau haijui, njia isiyohitaji ndoana za kumrarua, na anaomba asamehewe kwa kutoichapisha. Baba yake na ndugu zake wanaishi kwa kazi hiyo, asema, kwa hiyo siri si mali yake peke yake. Mtu huyu huyu anachapisha, kwa lugha ya wakunga wa Uingereza, maagizo ya Mauriceau kuhusu ndoana, huku akiwaambia kwamba anayo njia bora na hataitaja.

Yawezekana kumtetea. Familia ilikuwa na midomo ya kulisha. Naupokea utetezi huo kama maelezo, siukubali kama udhuru. Mpasuaji wa Torino naye alikuwa na riziki ya kulinda, na hata hivyo Paré, aliyelipa kwa miaka miwili kuipata siri yake, aliichapisha. Kitabu cha Mauriceau kilisomwa kwa Kiingereza kwa miongo mingi, na kila aliyekisoma alisoma pia, katika dibaji, kwamba kuna jambo amenyimwa.

Maelezo na michoro ya koleo ilianza kuchapishwa Uingereza katika miaka ya 1730. Vyombo vyenyewe vya ukoo wa Chamberlen vilikutwa mwaka 1813, vimefichwa chini ya sakafu ya nyumba yao ya zamani huko Woodham Mortimer, Essex, miaka 141 baada ya dibaji ile.