Enkoda ya sauti: mpangilio tayari na mpangilio wa mkono

Enkoda ya sauti ni programu inayopunguza ukubwa wa faili la muziki au mazungumzo ili lienee kwenye simu na fleshi, au lirushwe mtandaoni, bila msikilizaji kuona tofauti kubwa. Mwenye kuitumia ana njia mbili: kufuata mpangilio tayari, yaani maamuzi ambayo watengenezaji wamekwisha kuyafanya, au kupanga kila kipengele kwa mkono wake. Kisiwani Unguja uamuzi huo unagusa hazina ya thamani kubwa: santuri ambazo mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya His Master's Voice, kanda za redio, na kazi za vikundi vya taarab kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, na Culture Musical Club.

CD hubeba sampuli 44,100 kwa sekunde kila upande, kila sampuli biti 16, jumla kilobiti 1,411 kwa sekunde. Kwa kiasi hicho, wimbo wa taarab asilia wa dakika 15 hufika megabaiti 159 hivi. Ukiwa MP3 ya kilobiti 128 hubaki megabaiti 14. Nafuu hiyo hupatikana kwa kutupa yale ambayo sikio haliyapati, hasa sauti ndogo iliyofunikwa na sauti kubwa ya karibu yake.

Mfano mzuri wa mipangilio tayari ni LAME, enkoda ya MP3 iliyoanza 1998. Wapenzi wa muziki walisikiliza mafaili wakiyalinganisha bila kujua lipi ni lipi, wakataja palipoharibika, nao watengenezaji wakarekebisha. Matokeo yake ni ngazi za V0 hadi V9. V2 hutumia wastani wa kilobiti 190, V0 karibu 245, na kiasi hupanda na kushuka kufuatana na muziki wenyewe. Anayechagua V2 amechagua pia mahali pa kukata masafa ya juu, namna ya kugawana biti baina ya kulia na kushoto, na mambo mengine mengi asiyoyaona.

Mfano wa mambo hayo husikika kwenye ganuni. MP3 hukata sauti vipande vipande vya sampuli 576, kama milisekunde 13 kila kimoja, na makosa ya ukadiriaji husambaa katika kipande kizima. Uzi wa ganuni ukipigwa katikati ya kipande, makosa hayo husikika kabla ya pigo lenyewe, na pigo lililokuwa kali hutoka limetiwa ukungu. Ili kuzuia hayo, enkoda huhamia vipande vifupi vya sampuli 192, takriban milisekunde 4, navyo vinataka biti zaidi. Wakati wa bashraf, yaani muziki wa ala bila uimbaji, ganuni, fidla, udi na akodiani vikipigwa kwa pamoja, kiwango kisichobadilika cha kilobiti 128 huelemewa. V2 huongeza biti pale pale, na wimbo ukibaki na sauti ya mwimbaji na udi tu huzipunguza.

Mpangilio wa mkono huharibu kazi mara nyingi kuliko unavyoitengeneza. Kosa lililoenea ni kulazimisha kulia na kushoto visimbwe mbali mbali kwa kudhani ndiyo heshima ya stereo. Kwa kilobiti 128 huo ni ufujaji, kwa sababu pande mbili za taarab hufanana sana. Kosa jingine ni kulazimisha masafa ya juu yabaki hadi kilohezi 20 katika faili dogo. Biti huenda huko juu wasikosikia watu wazima wengi, huku sauti ya mwimbaji ikikosa haki yake. Na kuigeuza MP3 ya 128 iwe ya 320 hakurudishi kilichokwisha kutupwa. Faili hunenepa tu.

Lakini santuri za kale zinahitaji mkono wa mtu. Santuri ya 1928 ni mono. Ikichezwa kwa sindano ya stereo, muziki huwa mmoja pande zote mbili, ila mikwaruzo ya kulia si ya kushoto. Mpangilio tayari haujui asili ya santuri: huona tofauti hiyo kuwa sauti ya kuhifadhiwa na kuigharamia biti. Kuchagua mono, kisha kuiacha V2 ifanye yaliyobaki, hutoa faili dogo lenye mikwaruzo michache na mwimbaji aliye wazi zaidi. Vivyo hivyo kwa hotuba na usomaji wa mashairi uliorekodiwa kwa maikrofoni moja.

Yote haya yanahusu nakala za kusikiliza. Kwa nakala ya kuhifadhi, shirika la kimataifa la hifadhi za sauti, IASA, linapendekeza isipungue sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24, bila kutupa chochote. FLAC, iliyotoka 2001, hupunguza ukubwa wa faili bila kupoteza hata biti moja. Mwenye kanda ya harusi au ya tamasha la zamani kabatini, iwe Vuga, Ng'ambo au Makunduchi, aitie kwanza katika FLAC, kwani kanda haichezeki milele, ndipo atoe MP3 za kuwagawia jamaa.