Karne ya kuunganisha fanksheni, na miaka tuliyofungiwa nje

Mwaka 2024 ilitimia karne moja tangu Moses Schönfinkel, mwanahisabati mzaliwa wa Ukraine, achapishe makala iliyoweka msingi wa mantiki ya kuunganisha fanksheni. Ilitimia pia miaka 50 tangu Tanzania ipige marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kumbukumbu zote mbili zilipita kimya, jambo la kusikitisha.

Fanksheni hupokea kitu ikatoa kingine. Wachimbaji wa dhahabu wa Geita wanaufahamu mtiririko wa namna hiyo: mawe ya duarani, yaani shimoni, huingia kwenye karasha, mashine ya kusaga, yakatoka unga, unga huoshwa mwaloni, mchanga mzito ukabaki kwenye magunia, mchanga hukamatishwa kwa zebaki, kisha moto ukabakiza dhahabu. Kinachotoka hatua moja ndicho kinachoingia hatua inayofuata. Ukivuruga mpangilio, hupati kitu. Na anayetaka kuachana na zebaki, sumu inayopigwa vita na Mkataba wa Minamata, hubadilisha hatua hiyo tu, bila kugusa karasha.

Schönfinkel aliupa muunganiko wa namna hiyo wa fanksheni herufi Z. Mwanamantiki Mmarekani Haskell Curry akauita B. Mwaka 1973 mfumo wa Unix uliruhusu programu moja ilishe nyingine, na tangu 1990 lugha ya programu ya Haskell huunganisha fanksheni kwa nukta moja tu. Schönfinkel mwenyewe alifariki Moscow mwaka 1942 akiwa fukara. Inasimuliwa kuwa majirani walichoma karatasi zake ili wapate joto.

Kwetu Tanzania, Wizara ya Fedha ilisimika kompyuta yake mwaka 1965. Klodwig Mgaya, aliyeandika historia ya kompyuta nchini, anaeleza jinsi hesabu za serikali zilivyovurugika baada ya kuingizwa kwenye kompyuta. Mwaka 1974 ikatoka amri: kompyuta na televisheni zisiingizwe bila kibali. Mipango ilikuwa mibovu na wataalamu wachache, lakini adhabu ikaangukia mashine. Kizazi kizima kikakosa kujifunza wakati wenzetu wanasonga mbele. Mlango ulianza kulegea miaka ya 1980, ukafunguka miaka ya 1990.

Leo somo la kompyuta kwenye miji ya dhahabu kama Kahama au Katoro lisiishie kwenye kuchapa barua. Mwanafunzi aandike fanksheni ya kugeuza gramu za dhahabu kuwa shilingi kwa bei ya siku, nyingine ya kukata mrabaha, kisha aziunganishe. Hapo atakuwa ameanza kuunda programu, na deni la 1974 litaanza kulipika.