Salukvadze, Nino

Salukvadze, Nino (alizaliwa Tbilisi, Georgia, 1969), mlenga shabaha mashuhuri wa bastola, ndiye mwanamke wa kwanza kushiriki Michezo ya Olimpiki mara 10, tangu Seoul 1988 hata Paris 2024. Huko Seoul aliutwalia Umoja wa Kisovieti dhahabu ya bastola ya mita 25 na fedha ya bastola ya hewa, ambayo hushikwa kwa mkono mmoja bila egemeo na kuelekezwa kwenye duara la milimita 11.5 lililo mbali mita 10. Beijing 2008, ilhali nchi yake, Georgia, na Urusi zimo vitani, alipata shaba, akakumbatiana hadharani na Mrusi Natalia Paderina aliyepata fedha, tendo la ubinadamu listahililo taadhima. Na Rio 2016 alishindana sambamba na mwanawe, Tsotne Machavariani, jambo ambalo mama na mwana wa kiume hawakupata kulifanya kabla yao.